Waranti imekwisha, lakini haki haijakwisha

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinipigia simu usiku, saa nne na kitu. Saa hiyo simu ikilia, mtu hudhani kuna msiba. "Mjomba, laptopu imezima kioo," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Yuko mwaka wa mwisho chuoni. Kazi yake yote ya kuhitimu ilikuwa ndani ya mashine hiyo, na siku za kuikabidhi zilikuwa zimebaki 12.

Laptopu ile haikununuliwa na mtu mmoja. Mama yake alitoa zamu yake ya chama, mimi nikaongeza, na ami yake aliye Maskati akamalizia. Ilikuwa mpya, ndani ya sanduku lake, shilingi 46,000, kutoka duka moja hapa mjini Mombasa, na waranti ya mwaka mmoja. Kioo kilizima mwezi wa 14.

Asubuhi tukaenda dukani. Kijana wa kaunta alitazama risiti, akahesabu miezi kwa vidole, kisha akaturudishia. "Bosi, waranti ilikwisha miezi miwili nyuma. Hapo hatuna la kufanya. Kubadilisha kioo kizima ni elfu 14 na mia tano, au chukua mpya, nitakufanyia bei." Hakuifungua. Hakuiwasha. Kalenda ilitosha kumwambia mashine ina ugonjwa gani.

Ndugu msomaji, maneno ya kijana yule nimeyasikia kwa friji, kwa simu, kwa pampu ya maji na kwa mashine ya kufulia. Nawe umeyasikia. Tumeyazoea mpaka tunaona aibu kuuliza swali la pili. Leo nataka tuliulize: tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya waranti inamaliza nini hasa?

Waranti ni ahadi ya muuzaji au mtengenezaji: kifaa kikiharibika ndani ya muda fulani, nitakitengeneza bila maswali mengi. Faida yake ni wepesi. Huhitaji kuthibitisha sana. Unaonyesha risiti na kadi, unahudumiwa. Muda ukipita, kinachokwisha ni wepesi huo. Haki uliyopewa na sheria haikuletwa na kadi ile, kwa hiyo haiondoki nayo.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Hakuna mahali panaposema "kwa miezi 12".

Chini ya Katiba ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyonayo tangu enzi ya mkoloni. Hiyo inasema mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anahesabiwa kuwa ameahidi, hata kama hakutamka, kwamba bidhaa ina ubora unaostahili kuuzwa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ikaongezea nguvu: sharti lolote la mkataba linalojaribu kuiondoa ahadi hiyo kwa mtumiaji wa kawaida halina nguvu. Ule mhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudi" haufuti sheria ya nchi. Na muda wa kudai haki itokanayo na mkataba katika Kenya ni miaka 6, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai.

Sasa tusidanganyane. Sisemi kila kioo kinachozima baada ya waranti ni deni la muuzaji. Laptopu ikianguka kutoka kitandani, ikimwagikiwa chai, au mtoto akiifunga na kalamu ndani, hapo hakuna wa kumlaumu. Ukinunua iliyotumika, ukaonyeshwa mstari kwenye kioo na bei ikashushwa kwa ajili yake, huwezi kurudi kesho kuudai mstari ule ule. Na nje ya waranti, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha: aonyeshe kwamba kasoro ilitokana na kifaa chenyewe, wala si matumizi yake. Haki ipo, lakini unahitaji ushahidi.

Sisi watu wa Pwani tusione habari hii ngeni. Wanaosoma fiqhi ya biashara wanaujua mlango wa khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa mali, naye hakuijua, ana hiari ya kuirudisha. Na kisa cha Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kutia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni na kukuta chini kumerowa, tumesomeshwa tangu chuoni kwa maalim. Funzo lake lilikuwa kwamba mwenye mali aiweke kasoro mahali watu wataiona. Mizani ni ile ile ya sheria ya nchi: kinachoangaliwa ni kasoro ilianza lini na nani aliijua.

Basi kasoro ya kioo cha binti yetu ilianza wapi? Kwa hilo nilimwendea fundi, kijana mwenye meza ndogo katika uchochoro karibu na Mwembe Tayari. Alinikataza kwanza nisitoe pesa. "Ami, usinunue kioo kabla hatujajua kama kioo ndicho kibovu." Nayaandika aliyoyafanya kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza aliiwasha, akasikiliza. Feni inazunguka, taa ya kibodi inawaka. Mashine iko hai. Akachukua waya wa HDMI, akaiunganisha na televisheni ndogo ya jirani yake. Picha ikatokea safi. Maana yake bodi na sehemu inayotengeneza picha ni nzima; tatizo liko kati ya bodi na kioo. Hapo hapo akatoa faili zote za kuhitimu akazitia kwenye flashi, na yule binti akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Kisha akazima taa ya kibanda, akamulika kioo cheusi kwa tochi ya simu, kwa upande. Kwa mbali sana tukaiona picha, kama maandishi chini ya maji. Picha ipo, lakini taa ya nyuma ya kioo haiwaki. Mwisho akaanza kusogeza mfuniko polepole, juu na chini. Kwenye pembe fulani kioo kiliwaka, akisogeza kidogo kikazima. Akatabasamu. "Huu ni waya, Ami. Waya unaopita kwenye bawaba."

Alipofungua, tukauona. Waya mwembamba wa bapa unaobeba picha na umeme kutoka kwenye bodi kwenda kwenye kioo ulikuwa umepitishwa mahali pa kubana sana. Kila mfuniko ukifunguliwa, unakunjika. Umekunjika kwa miezi 14 mpaka nyuzi zake zikakatika. Hapakuwa na alama ya kuanguka, wala maji, wala kutu ya chumvi ambayo hewa yetu ya bahari huipeleka kwenye viungio vya vifaa vingi hapa. Kioo chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Waya wake: shilingi 1,800. Kazi: shilingi 1,000. Linganisha na zile 14,500 za dukani.

Kuna wanaodhani mtengenezaji mkubwa hakosei kwenye kitu kidogo hivyo. Mfano upo, na ulifika kwenye magazeti ya dunia. Apple ilipotoa MacBook Pro za 2016, wenye nazo walianza kuona mwanga wa ajabu chini ya kioo, kama taa za jukwaani, kisha kioo kuzima kabisa mfuniko ukifunguliwa zaidi ya kiasi fulani. Mafundi wa iFixit, kampuni ya Marekani inayochambua vifaa, walieleza mapema 2019 kwamba waya wa kioo ulikuwa mfupi na unachakaa kila mfuniko unapofunguliwa. Waya huo ulikuwa umeunganishwa na kioo moja kwa moja, kwa hiyo waliokuwa nje ya waranti walitakiwa kulipia kioo kizima, mamia ya dola, kwa kosa la waya wa dola chache. Katika toleo la 2018 waya ulikuwa umerefushwa kwa karibu milimita 2.

Watu walilalamika, wakaandika, wakakusanya majina. Mei 2019 Apple ilitangaza mpango wa kutengeneza bure taa ya kioo kwa baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 za 2016, hata kama waranti imepita, na waliokwisha kulipa wakaruhusiwa kuomba warudishiwe pesa. Waranti ilikuwa imekwisha. Kasoro ilikuwa bado ya mwenyewe aliyeitengeneza. Tofauti kati ya wateja wale na sisi ni kwamba wao walijua kasoro yao inaitwaje, na walisema kwa sauti moja.

Ndiyo maana suala hili ni la siasa na sheria, si la mkoba wa mtu mmoja tu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kisheria kwa kasoro kwa miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vingine. Mwaka 2024 walipitisha agizo jipya la haki ya kutengenezewa, ambalo nchi wanachama zinatakiwa kulitumia kuanzia 31 Julai 2026. Linawalazimu watengenezaji kutengeneza baadhi ya vifaa hata baada ya muda wa muuzaji kwisha, kwa bei ya haki. Simu na tableti zimo kwenye orodha, mashine za kufulia na friji zimo. Laptopu hazimo. Hata huko kazi haijakwisha.

Jimbo la California nalo lina sheria iliyoanza kufanya kazi 1 Julai 2024. Kifaa cha elektroniki cha dola 100 au zaidi, mtengenezaji anatakiwa aweke vipuri, zana na maelezo ya ufundi yapatikane kwa miaka 7 baada ya kuacha kukitengeneza. Ufaransa tangu 2021 laptopu mpya huuzwa ikiwa na alama dukani inayomwambia mnunuzi ni rahisi au vigumu kiasi gani kuitengeneza.

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa petu ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, au zilizopitia Dubai. Huko zilikuwa na ulinzi. Zikishuka Kilindini ulinzi unabaki ng'ambo, na kinachokuja ni mashine na uzee wake. Fundi wetu wa uchochoroni hana michoro ya mtengenezaji wala duka rasmi la vipuri. Anaunguza macho yake akitafuta waya uliotolewa kwenye mashine iliyokufa ya mtu mwingine. Vijana hawa ndio wanaoshikilia masomo na biashara za mji huu, na hakuna sheria inayowasaidia.

Kenya bado haina sheria ya kumlazimisha mtengenezaji auze vipuri na atoe maelezo ya ufundi. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji au mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake inapogeuka taka. Hilo ni jema. Lakini tazama lilivyo: sheria inamkumbuka mwenye bidhaa pale kifaa kinapokufa, wala haimkumbuki kinapougua. Dunia nzima mwaka 2022 ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelewa kwa njia rasmi. Laptopu ya binti yetu ingetupwa kwa ajili ya waya wa shilingi 1,800, safari yake ingekuwa stoo, kisha gari la taka, kisha Mwakirunge.

Wabunge wetu wa Pwani wanapokuja kuomba kura husema mengi juu ya vijana na dijitali. Tuwaulize jambo moja linaloandikika kwenye mswada: aingizaye vifaa vipya nchini aseme mapema vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi na kwa nani. Na maduka yaambiwe kuandika kwenye risiti waranti ni ya mtengenezaji au ya duka, na kama inatambuliwa Kenya. Wangapi wamenunua mashine iliyotoka Dubai, wakaambiwa ina waranti, kumbe waranti hiyo inatambuliwa huko huko?

Mswada utachukua muda. Kioo chako kikizima kesho, fanya haya.

Okoa kazi yako kwanza kwa televisheni na waya wa HDMI, na uiweke mahali pengine. Usiruhusu mtu yeyote aifungue kabla hujapiga picha na video ya kasoro, pamoja na namba ya mashine iliyo chini yake. Tafuta risiti, kama imepotea, ujumbe wa M-Pesa wa siku ile ni ushahidi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji. Huenda pana mpango wa kutengeneza kasoro hiyo bure. Na wakati mwingine waranti huhesabiwa tangu mashine ilipotoka kwa mtengenezaji, si siku uliyoinunua. Ukituma risiti, tarehe inaweza kurekebishwa, nawe ukajikuta bado umo ndani ya muda.

Tatu, mtake fundi akuandikie alichokiona: ni waya, ni taa au ni kioo, na kama kuna dalili ya kuanguka au maji. Atie jina, tarehe na sahihi. Umwombe makadirio kabla ya kazi, kipuri cha zamani akurudishie, na kazi yake iwe na dhamana ya maandishi. Kama ni kioo kweli kinachobadilishwa, namba iliyo nyuma ya kile cha zamani ilingane na ya kipya, maana vioo vya ukubwa mmoja huweza kuwa na viungio tofauti.

Nne, mwandikie muuzaji barua ya heshima ukitaja Kifungu cha 46 na sheria ya 2012, uambatishe maneno ya fundi, useme unachotaka na umpe siku 14. Akikataa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Pia ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kwa shilingi 2,800 huenda usione maana ya kwenda mahakamani. Kwa mashine ya elfu 80 iliyokufa bodi, maana ipo.

Sisi tulirudi dukani na karatasi ya fundi, picha ya waya uliokatika, na barua ya ukurasa mmoja. Safari hii nilimwomba mwenye duka mwenyewe. Ni mtu mzima, alisoma yote amesimama, akamtuma kijana akaifungue laptopu nyingine ya aina ile ile iliyorudishwa na mteja mwingine. Waya wake ulikuwa umekunjika mahali pale pale. Hakusema mengi. Alilipia waya, sisi tukalipa kazi, na akaniomba nimwachie nakala ya maandishi ya fundi ampelekee aliyemuuzia.

Binti yetu alikabidhi kazi yake siku mbili kabla ya mwisho. Yule mteja mwingine simjui. Alikuwa ameiacha mashine yake kama kianzio cha kununulia mpya, kwa sababu aliambiwa waranti imekwisha, naye akaamini.